Baridi ya Julai: Jisagie masala ya chai nyumbani

UKIAMKA alfajiri msimu huu, uwe Dagoretti, Limuru au Nyahururu, kitu cha kwanza kukujia akilini si kazi wala nauli ya matatu. Ni kikombe cha chai. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huifunika Nairobi kutwa, jua likachungulia kwa nadra, na usiku joto huteremka hadi karibu na nyuzi 10. Watoto huenda shule wakiwa wamejifunika skafu hadi puani, na wazee hukataa kata kata kuoga kabla ya saa sita za mchana.

Ni wakati huu pia ambapo pakiti za masala ya chai hununuliwa kwa wingi. Nami nilikuwa mmoja wa wanunuzi hao, hadi siku moja nilipopika chai ya wageni na kukuta tope la kijivu chini ya sufuria. Nilichukua kijiko kimoja cha masala yale, nikayatia ndani ya gilasi ya maji na kuyaacha yatulie. Baada ya muda nilitia kidole chini ya gilasi, nikakisugua. Ulikuwa mchanga, msomaji wangu, mchanga kama ule wa kufinyangia chungu! Wageni walikuwa wamekwisha kunywa na kushukuru.

Tangu siku hiyo masala ya nyumbani kwangu husagwa nyumbani kwangu. Hebu leo tuketi sote jikoni, nikueleze jinsi utakavyojitengenezea yako, jinsi utakavyoyatumia bila kujidhuru, na jinsi yanavyoweza kuwa zawadi itakayokumbukwa kuliko keki ya dukani.

Kwa nini ujisumbue?

Huenda ukauliza: ya nini kuhangaika na kinu ilhali pakiti ziko tele madukani? Jibu ni kwamba kiungo kikishasagwa hukijui tena. Karafuu nzima utaitambua hata gizani kwa harufu na umbo lake. Lakini unga wa kahawia ni unga wa kahawia tu. Ndani yake mwaweza kutiwa unga wa mahindi, maganda yaliyosagwa, mchanga au rangi, nawe usijue.

Tena si mchanga pekee wa kuogopwa. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba huko Bangladesh manjano yalikuwa yakitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae na kuvutia macho ya wanunuzi. Mwaka 2023 nako Marekani, mamia ya watoto walipatikana na risasi katika damu baada ya kula rojo la matofaa lililotiwa mdalasini uliochafuliwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na madhara yake aghalabu hayaondoki. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Sisemi kwamba kila pakiti iliyo dukani ni sumu, la hasha. Wako watengenezaji waaminifu, na alama ya ubora ya KEBS ipo ili ikusaidie kuchagua. Ninachosema ni kwamba ukinunua viungo vizima na kusaga mwenyewe, unajipunguzia mashaka mengi. Pia utapata harufu kali zaidi, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu hiyo huanza kupotea punde kiungo kinaposagwa.

Jinsi ya kuchagua viungo

Ukiwa Mombasa, nenda Marikiti ukajionee magunia. Ukiwa Nairobi, maduka ya viungo ya Ngara na Parklands yatakutosheleza. Nunua kidogo kidogo, na usione haya kushika, kunusa na kuuliza.

Karafuu ni matumba ya maua yaliyokaushwa. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku nchini Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Seyyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Hata leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Chagua zile zenye vichwa vyake, kisha zibonyeze kwa ukucha. Karafuu nzuri hutoa mafuta kidogo. Iliyokauka kabisa na isiyotoa kitu huenda imekamuliwa mafuta yake tayari.

Iliki iwe ya kijani na iliyofunga. Pasua moja; mbegu za ndani ziwe nyeusi na zenye kunukia. Iliyopauka na kupasuka imekwisha ladha.

Pilipili manga iwe mizito na migumu. Wauzaji wengine wasio na haya huichanganya na mbegu za papai zilizokaushwa. Tia chache katika maji: mbegu za papai ni nyepesi, aghalabu huelea, ilhali pilipili manga nzuri huzama.

Mdalasini ndio wenye maneno mengi, kwa hiyo nisikilize vyema. Iko aina mbili kuu. Ule wa Sri Lanka una magamba membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja kama sigara, ni wa rangi ya maji ya kunde, na huvunjika kwa vidole. Ule mwingine, utokao China, Indonesia na Vietnam, ni gome moja nene na gumu lililojikunja kutoka pande zote mbili. Huu wa pili ndio wa bei nafuu na ndio uliojaa madukani.

Tofauti yake si ya bei tu. Mdalasini mnene una kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi mwilini kwa muda mrefu huweza kudhuru ini. Wataalamu wa usalama wa vyakula wa Ulaya wanashauri kwamba mtu asizidishe miligramu 0.1 za kumarini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60, hiyo ni kama gramu 2 za mdalasini huo kila siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Kwa mtoto wa kilo 15 ni nusu gramu tu. Katika masala ya chai tunatumia kidogo sana kuliko hapo. Lakini wale wanaobugia vijiko vya mdalasini kila asubuhi eti wapunguze unene, watahadhari. Ukipata ule wa Sri Lanka, nunua huo.

Vipimo

Ili kupata masala yatakayotosha zaidi ya vikombe 100 vya chai, utahitaji:

Iliki, vijiko vikubwa 3.
Tangawizi kavu iliyosagwa, vijiko vikubwa 3.
Mdalasini, vijiti 4 vya urefu wa kidole.
Pilipili manga, kijiko kikubwa 1.
Karafuu, kijiko kidogo 1 tu.
Kungumanga, nusu yake, iliyokunwa.

Ukitaka kukausha tangawizi yako mwenyewe, ioshe, uikate vipande vyembamba kama karatasi nene, kisha uianike juani chini ya wavu wa kuzuia nzi. Mwezi wa Julai jua la Nairobi si la kutegemewa, kwa hiyo itie katika joko lenye moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Haijakauka mpaka ikivunjwa itoe mlio. Hapa usifanye haraka, kwani tangawizi yenye unyevu ikifungiwa chupani hufanya ukungu, na ukungu ni hatari. Wakenya hatujasahau mwaka 2004, wakati mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini yalipoua watu 125 huko Ukambani. Viungo navyo huweza kuingia sumu hiyo vikihifadhiwa katika unyevu.

Kusaga

Weka kikaango kikavu juu ya moto wa wastani. Tia iliki, mdalasini uliovunjwavunjwa, pilipili manga na karafuu. Koroga kwa dakika 2 hivi, mpaka harufu ipande na majirani waanze kuuliza kuna sherehe gani. Usingoje moshi. Viungo vikiungua huwa vichungu, na uchungu huo hautatoka hata ukitia sukari ya debe zima.

Epua, umimine kwenye sinia pana, uache vipoe kabisa. Vikisagwa vingali moto hutoa mvuke, mvuke huwa unyevu, na unyevu tumekwisha kuueleza. Vikipoa, visage kwa mashine ndogo au uvitwange kwa kinu na mchi. Chekecha, kisha chenga zilizobaki uzirudishe kinuni. Mwisho changanya na tangawizi na kungumanga.

Hifadhi katika chupa kavu yenye mfuniko unaokaza, ndani ya kabati, mbali na jiko na dirisha. Andika tarehe. Yatumie ndani ya miezi mitatu. Baada ya miezi sita hayatakuwa yameoza kama yamehifadhiwa vyema, lakini utakuwa unatia vumbi tu kwenye chai.

Kwa lita moja ya chai, yaani vikombe vinne hivi, tia kijiko kidogo kimoja. Tia masala majini kabla ya maziwa na uyaache yachemke kwa dakika chache, ndipo utie majani na maziwa. Wanaonyunyiza masala juu ya kikombe kilichokwisha kumiminwa hujipatia unga unaoelea na koo linalowasha.

Kifurushi cha viungo vizima

Si kila mtu hunywa chai. Huko Ujerumani na Uingereza, wakati wa Krismasi kunapokuwa na baridi kali, watu hupasha moto divai nyekundu au maji ya matofaa pamoja na mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa. Sisi tuna karafuu karibu kuliko wao, na tuna matunda. Kwa nini tusifanye vivyo hivyo kwa nanasi au ukwaju?

Chukua kitambaa safi cha shashi, ukubwa wa kiganja. Weka kijiti 1 cha mdalasini, iliki 4 zilizopondwa kidogo, karafuu 3, vipande 2 vya tangawizi kavu na kipande cha ganda la chungwa lililooshwa vyema na kukaushwa. Funga kwa uzi wa pamba, si wa nailoni. Kifurushi hicho kitumbukize katika lita moja ya maji ya nanasi au ukwaju, na ukiache juu ya moto mdogo kwa dakika 10 hadi 15. Kisitokote kwa nguvu. Moto mkali huharibu harufu na hupunguza vitamini C ya matunda. Kitoe, unywe kingali moto.

Na wale watakaotaka kuongeza divai au kitu kikali zaidi ili "kufukuza baridi," wafahamu kwamba pombe hudanganya. Hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ukajihisi una joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoroka. Mtu aliyelewa nje usiku wa Julai yumo katika hatari kubwa kuliko asiyekunywa.

Faida na mipaka

Sasa tufike penye kiini cha ukurasa huu. Je, masala ni dawa?

Kinywaji cha moto hulainisha koo na kumpa mgonjwa nafuu. Tangawizi imethibitika kusaidia kupunguza kichefuchefu, hata kwa mama mja mzito, ikitumiwa kwa kiasi cha kawaida. Mafuta ya karafuu hutumiwa na madaktari wa meno hadi leo. Hayo ni kweli. Lakini hakuna tangawizi inayoua virusi vya mafua, wala iliki inayotibu kifua kikuu. Ukiwa na kikohozi kilichozidi wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi. Usiongeze kijiko kingine cha masala.

Na hasa watoto. Kila msimu wa baridi wako wazazi wanaokaa na mtoto mwenye kichomi, ambacho wengine hukiita nimonia, wakimnywesha maji ya tangawizi siku baada ya siku mpaka wakachelewa. Jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Aliye chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, hiyo si mafua ya kawaida. Hali kadhalika ukiona sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Chanjo inayokinga aina moja ya kichomi imekuwa ikitolewa kwa watoto nchini tangu 2011. Hakikisha wako hakupitwa.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji chai, masala wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Na asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata tone, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyompoozesha.

Kungumanga nayo ina heshima yake. Nusu iliyogawanyika katika vikombe zaidi ya 100 haina neno. Lakini mtu akila gramu 5 au zaidi kwa mpigo, yaani vijiko vidogo viwili na ushei, moyo huweza kumwenda mbio, akatapika na kuona mambo yasiyokuwepo. Iweke mbali na watoto na vijana wenye kupenda majaribio.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, wamwulize daktari kabla ya kuzoea tangawizi na mdalasini kwa wingi. Wenye vidonda vya tumbo na kiungulia wapunguze pilipili manga, au waiache kabisa.

Kisha kuna chai yenyewe. Majani ya chai yana tanini, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa vyakula kama sukumawiki na maharagwe. Mama mja mzito au msichana mwenye upungufu wa damu asinywe chai pamoja na chakula. Angoje angalau saa moja baada ya kula.

Na sukari! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko vidogo sita hivi. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe vitatu amekwisha kufikia tisa, kabla hajagusa soda wala mandazi. Hapa ndipo masala huleta faida ambayo wengi hawaijui. Mdalasini na iliki huipa chai utamu wa harufu, hivyo unaweza kupunguza kijiko kimoja na ulimi usilalamike. Anza na nusu kijiko wiki hii, na nusu nyingine wiki ijayo.

Zawadi yenye upendo

Chupa ndogo za jamu usizitupe. Zioshe, uzichemshe majini kwa dakika 10 bila vifuniko vya plastiki, kisha uziache zikauke kabisa. Tia masala, funga, uzungushie kipande cha leso shingoni. Yeyote utakayempelekea, awe mama mkwe, mwalimu wa mtoto au jirani aliyekulindia nyumba ulipokwenda mashambani, atajua kwamba ulimkumbuka kwa mikono yako.

Lakini zawadi ya chakula ina adabu zake. Bandika karatasi uandike vitu vyote vilivyomo, tarehe uliyosaga na kipimo cha kutumia. Huwezi kujua nani ana mzio wa nini, wala nani anameza dawa gani. Vifurushi vya shashi navyo vitie sita katika chupa moja, ukiandika jinsi ya kuvipika.

Ukienda kumwona mama aliyejifungua, mpelekee yasiyo na pilipili manga nyingi, na umkumbushe kwamba ni yake yeye, si ya mtoto.

Neno la mwisho ni kuhusu moto utakaopikia. Kila mwaka wakati wa baridi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa, zisiamke tena. Hewa ya kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi, na hulaza mtu kabla hajatambua kwamba anadhurika. Chai ikishaiva, toa jiko nje, hata kama makaa bado yanang'aa na roho inakuuma kuyapoteza. Yamwagie maji, rudi ndani, jifunike blanketi, kisha ushike kikombe chako kwa mikono miwili.